Tube kubwa ya country ni gani? Kwanza tuulize nani anashika mizani

Kule Birere, kwenye vibanda vya vijana wanaotia nyimbo mu kadi ya simu, muziki wa country uko na faili yake. Mutu anafika na kadi, anasema: "Nitilie ba Kenny Rogers, ba Dolly Parton, Don Williams, Jim Reeves." Analipa, anaenda. Wengi ni watu wa karieri wanaorudi Masisi ao Walikale, kule ambako mtandao ni wa kubahatisha na jioni simu njo inakuwa radio. Hakuna anayeuliza kama wimbo huo ulikuwa numero 1 Marekani ao hapana. Lakini kukiwa na chupa mbili juu ya meza, mabishano inazuka: tube kubwa kabisa ya country ni gani? Moja atasema "Jolene". Mwingine atasema "The Gambler". Mzee atakata maneno, aseme hakuna aliyemupita Jim Reeves. Na kijana wa chuo kikuu atatoa simu yake asome namba, kusudi awanyamazishe wote.

Mimi ni mutu wa sendika, na namba za namna hiyo zinaniamsha masikio. Zinatoka kwa nani? Sisi tunajua habari ya mizani. Unashuka mulimani na mufuko wa coltan, kilo zako unazijua, umezibeba na mugongo wako. Unafika kwa négociant, mizani yake inasema kilo zingine. Ubora wa madini vilevile: wewe unakadiria kwa macho na kwa uzito mukononi, yeye anapima na mashine, na bei inafuata mashine. Kwa hiyo mutu akiniambia "huu wimbo ni mukubwa, namba zinasema", ninataka kuona mizani kwanza.

Tuanze na wimbo wa watu kama sisi.

Tani 16

Merle Travis alizaliwa mwaka 1917 huko Muhlenberg, jimbo la Kentucky, inchi ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mutu wa mugodi. Mwaka 1946 kampuni ya sahani za muziki Capitol ilimuomba nyimbo za namna ya zamani, za watu wa kijijini kwao. Akatunga "Sixteen Tons", maana yake tani 16, na "Dark as a Dungeon", juu ya giza la chini na namna kazi hiyo inavyomushika mutu asiweze kuiacha. Maneno mengine ya "Sixteen Tons" yalitoka katika barua ya ndugu yake na katika usemi wa baba yake. Habari yenyewe ni ya deni. Katika migodi mingi ya kule, kampuni ililipa wafanyakazi kwa vipande vya chuma ao karatasi ambavyo havikukubaliwa sokoni, vilitumika tu mu duka ya kampuni yenyewe. Mutu anachimba mwezi muzima, na mwisho wa mwezi duka njo inamudai.

Je, kuna mutu wa Rubaya ao Numbi anayehitaji nimufasirie? Hapa kwetu si duka ya kampuni, ni yule anayekutangulizia unga, mafuta, vitiyo, taa ya kichwa na franga za kutuma nyumbani, halafu anakata yote kwenye madini, kwa bei anayopanga yeye.

Sasa angalia. Nyimbo hizo zilitoka mwaka 1947. Zilipiga? Hapana. Wachimbaji walizijua, wapenzi wa gita walizijua, basi. Miaka minane ikapita. Mwaka 1955 Tennessee Ernie Ford, mutu mwenye sauti nzito sawa pipa, ambaye alikuwa na kipindi chake kwenye televisheni, akaimba "Sixteen Tons" humo, watu wakaanza kuandika barua. Capitol ikaitia kwenye sahani, lakini upande wa pili. Upande wa kwanza waliweka wimbo wa mapenzi, maana wakubwa wa kampuni waliona ule njo utauza. Watu wa radio wakageuza sahani. Katika wiki chache sahani zaidi ya milioni moja zilikuwa zimenunuliwa. "Sixteen Tons" ilikaa numero 1 ya country wiki 10, na ikapanda numero 1 vilevile kwenye orodha ya nyimbo za watu wote.

Wimbo ni ule ule, deni ni ile ile. Kama tungemuuliza mutu wa orodha mwaka 1948, angesema si kitu. Mwaka 1956 angesema ni moja ya nyimbo kubwa kupita zote. Mimi ninasema ulikuwa mukubwa tangu siku ya kwanza, mizani njo ilichelewa. Na ninakubali kwamba bila televisheni na ile sauti ya Ford, leo ningekuwa naandika juu ya kitu kingine. "Dark as a Dungeon" haikupata Ford wake. Haikukaa numero 1 hata siku moja. Lakini imeimbwa tena na tena na waimbaji wakubwa, Johnny Cash aliiimba mbele ya wafungwa wa Folsom mwaka 1968, na watu wa makaa wanaishika sawa wimbo wa kanisa.

Mizani ilitengenezwaje

Mizani inayojulikana zaidi ni ya gazeti la Marekani linaloitwa Billboard. Orodha yao ya kwanza ya muziki huu ilitoka mwezi wa kwanza mwaka 1944. Haikuhesabu wasikilizaji, wala sahani zilizouzwa. Ilihesabu yale masanduku ya muziki ya mu baa, unatia kipande cha pesa, unachagua wimbo, inaimba. Kwa hiyo wimbo mukubwa wa 1944 ulikuwa wimbo wa watu wanaokunywa. Mama aliyebaki nyumbani hakuhesabiwa. Mwaka 1948 wakaongeza orodha ya sahani zilizouzwa madukani, mwaka 1949 ile ya nyimbo zilizopigwa na watangazaji wa radio. Orodha tatu kwa wakati moja, na mara nyingi hazikupatana: wimbo moja numero 1 huku, numero 5 kule. Mwezi wa kumi 1958 wakaziunganisha kuwa moja.

Inaonekana ni mambo ya karani tu. Lakini ngoja uone mwaka 1991 ilitokea nini.

Kabla ya mwaka huo, kujua albamu gani zinauzwa, walipiga simu kwa wenye maduka. Mwenye duka alijibu kwa kichwa chake: hii inaenda vizuri, hii kidogo. Wengine walitaja muziki wanaoupenda wenyewe. Wengine walitaja ile ambayo kampuni iliwapa zawadi. Wengi wao waliona country ni muziki wa wakulima na madereva wa malori, hawakuona haja ya kuitaja juu. Mwezi wa tano 1991 Billboard ikaacha simu, ikachukua hesabu za mashine zinazosoma alama za bei wakati mununuzi analipa. Na ghafla country ikaonekana kubwa kuliko walivyodhani. Mwezi wa tisa mwaka ule ule, albamu ya Garth Brooks, "Ropin' the Wind", iliingia moja kwa moja numero 1 kwenye orodha ya albamu zote za Marekani, rock na pop zote chini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa albamu ya country kuanzia pale juu. Tena usifikiri kwamba wanunuzi walizaliwa usiku ule. Walikuwako zamani. Aliyekuwa anaandika kilo zao njo alikuwa anaandika pungufu.

Hapa ninaachana na wandugu fulani wa sendika wanaosema namba zote ni uongo wa matajiri. Apana. Kukosa namba njo kunafaidisha tajiri. Mizani ya haki ilimutetea mukulima wa Tennessee kuliko mashahiri yote. Siku tutakapokuwa na mizani yetu wenyewe kwenye kila mulima, na mutu wetu wa kuisoma, bei itabadilika hata kabla ya mugomo.

Lakini mizani ikibadilika, usilinganishe ya jana na ya leo. Kwa miaka mingi hakuna wimbo wa country uliokaa numero 1 kupita wiki 21. Nyimbo tatu zilifikisha hapo: wa Eddy Arnold wa 1947, wa Hank Snow wa 1950, na wa Webb Pierce wa 1955. Halafu mwezi wa kumi 2012 Billboard ikabadilisha hesabu. Ikaanza kuhesabu nyimbo zinazosikilizwa kwenye mtandao, na radio za kila namna, hata zile ambazo si za country. Wiki ile ile wimbo wa Taylor Swift ukaruka kutoka numero 21 mpaka numero 1, bila wapenzi wa country kufanya lolote. Na mwaka 2017 na 2018, "Meant to Be", wa Bebe Rexha pamoja na Florida Georgia Line, ukakaa numero 1 wiki 50. Wiki 50! Kijana wa chuo atakuambia basi ni mukubwa mara mbili na zaidi kuliko wa Hank Snow. Hiyo ni kulinganisha kilo na murongo ya maharagi. Muulize mutu yeyote wa Ndosho aimbe "Meant to Be". Ninangoja.

Mufuko bila etikete

Tunajua vilevile habari ya etikete. Madini ni ile ile, imetoka mu shimo ile ile, lakini mufuko usio na etikete hauna njia ya haki ya kufika comptoir. Muziki wa country uko na etikete yake, na wako watu wanaoamua nani anafungiwa.

Mwezi wa tatu 2019 kijana mweusi wa Georgia, Lil Nas X, alikuwa na wimbo unaoitwa "Old Town Road", farasi, kofia, njia ya vumbi. Uliingia orodha ya country numero 19. Billboard ikautoa. Walisema hauna vya kutosha vya country ya siku hizi. Watu wakauliza: na zile nyimbo za wazungu zenye ngoma za rap, hizo ziko na vya kutosha? Mwezi wa nne Billy Ray Cyrus, mwimbaji wa country wa zamani, akaingia mu wimbo huo kumuunga mukono, na "Old Town Road" ukakaa numero 1 ya nyimbo zote za Marekani wiki 19. Hakuna wimbo uliokuwa umefika pale mbele yake. Yaani wimbo uliokataliwa etikete ya country ukapita nyimbo zote zenye etikete. Mwaka 2024 Shaboozey, mutoto wa wazazi wa Nigeria aliyezaliwa Virginia, alifikisha wiki 19 vilevile na "A Bar Song (Tipsy)", na yeye hawakumutoa. Mwaka huo huo Beyoncé alikuwa mwanamuke mweusi wa kwanza kufika numero 1 ya country. Miaka mitano tu katikati. Gita haijabadilika, aliyebadilika ni mutu wa mulangoni.

Na mbele yao wote alikuwako Charley Pride. Watu wetu hawamujui sana, ni bahati mbaya. Mutoto wa mashamba ya pamba ya Mississippi, mweusi, alitaka kuwa mucheza baseball. Miaka ya 1960 alikuwa anafanya kazi kwenye tanuru ya kuyeyusha risasi huko East Helena, jimbo la Montana. Risasi ile madini, si ya bunduki. Muchana tanuru, jioni anachezea timu ya wafanyakazi, usiku anaimba mu baa. Akitoka pale, akawa mwimbaji wa country mwenye nyimbo zinazokaribia 30 zilizofika numero 1. Wimbo wake "Kiss an Angel Good Mornin'" wa 1971 ulikaa juu ya orodha ya country wiki tano. Nyimbo zake za kwanza kampuni ilizituma ku radio bila picha yake, watu wasijue rangi. Sauti ikapata etikete mbele uso haujapata.

Ndani ya uzio na inje ya uzio

Kijana wa chuo akitaka kutusumbua zaidi, ataleta hesabu nyingine: numero 1 ya country si sawa na numero 1 ya watu wote. Hiyo ni kweli, na hapa mambo yanakuwa matamu.

Loretta Lynn alizaliwa Butcher Hollow, Kentucky, baba yake alichimba makaa na mapafu yake yakaharibiwa na vumbi. Wimbo wake "Coal Miner's Daughter", maana yake binti wa muchimba makaa, ulifika numero 1 ya country mwezi wa kumi na mbili 1970. Kwenye orodha ya watu wote? Numero 83. Mutu wa namba atasema: wimbo mudogo. Lakini ulizaa kitabu mwaka 1976, filamu mwaka 1980, aliyecheza nafasi ya Loretta akapata Oscar, na Loretta mwenyewe alipokufa mwezi wa kumi 2022, magazeti ya dunia yalimuita kwa jina la wimbo ule. Alikuwa ameandika beti nyingi kuliko tunazosikia, akaambiwa azipunguze. Mama zetu wanaopepeta na kutwanga mawe, wale ba maman twangaises wa Kamituga, wangeweza kumupa beti za kujaza.

"Jolene" vilevile. Numero 1 ya country mwanzoni mwa 1974, numero 60 tu ya watu wote. Hebu nenda kwenye harusi Katindo, useme "Jolene" ni wimbo wa numero 60. Don Williams alikuwa na nyimbo 17 zilizofika numero 1 ya country, na Marekani inje ya uzio karibu hawakumujua. Huku Afrika aliimba Harare mwaka 1997, na akajaza. Wa Jim Reeves, "He'll Have to Go", wa 1960, ulikaa wiki 14 juu ya country na ukafika numero 2 ya watu wote. Akafa katika ajali ya ndege mwaka 1964, na miaka miwili baadaye, yeye yuko kaburini, wimbo wake "Distant Drums" ukawa numero 1 Uingereza. Mzee wetu anayemushikilia Jim Reeves hajakosa sana.

Dolly Parton aliruka uzio mara moja vizuri sana. "9 to 5" ilifika numero 1 pande zote mbili mwaka 1981. Ilitoka katika filamu yenye jina hilo, na jina lilitoka kwa chama cha wanawake wa maofisi kilichoanzishwa Boston mwaka 1973 kudai mishahara na heshima. Wimbo wa sendika, wandugu! Watu wanaucheza kwenye sikukuu bila kujua wanacheza cahier de charges.

Niseme na neno juu ya "Big Bad John" ya Jimmy Dean, ya mwaka 1961, maana baadhi ya watu wa shimo wanaupenda sana. Numero 1 pande zote, wiki tano juu ya orodha ya watu wote. Ni habari ya jitu moja, mutu wa maneno machache, shimo linapoporomoka anashikilia mbao kwa mabega yake, wenzake wanatoka, yeye anabaki chini. Ninaelewa juu ya nini unagusa. Kila moja wetu anamujua mutu aliyebaki chini. Lakini ninapousikia ninauliza: mbao ile nani aliiweka? Nani aliona imechoka akanyamaza? Wimbo hauulizi. Ni wimbo mukubwa, sikatai. Kwa mutu wa usalama wa kazi ni wimbo nusu.

Na sisi?

Rudi kwenye kibanda cha Birere. Yule kijana anajua kuliko mutu yeyote ni nyimbo gani watu wanalipia. Hesabu yake haifiki popote. Orodha kubwa ya Billboard inahesabu wasikilizaji wa Marekani tu. Tangu 2020 kuna orodha ingine ya dunia nzima, lakini inahesabu huduma za mtandao zilizokubaliwa. Wimbo uliotoka mu ordinateur ukaingia mu kadi, kutoka kadi mpaka kadi ingine kule Walikale, haumo. Na ile dhahabu na platini wanazopewa waimbaji, dhahabu ni sahani 500.000, platini milioni moja, siku hizi mara 150 za kusikiliza kwenye mtandao zinahesabiwa kama sahani moja. Sisi tunaosikiliza mara 150 kwa mwezi kwenye simu isiyo na mega, hatuna hata gramu. Tunachimba vitu vilivyo ndani ya simu, tunasikiliza country kwenye simu, na pande zote mbili kilo zetu zinaandikwa kwingine.

Lakini Afrika yetu imekuwa na mizani yake, ya zamani kuliko hizo. Jimmie Rodgers, mufanyakazi wa reli huko Mississippi, alianza kurekodi mwaka 1927 na akafa na kifua kikuu mwaka 1933, ana miaka 35 tu. Wakati wake hakukuwa na orodha ya country hata moja. Sahani zake zilifika mpaka kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alikuta wasichana wa Kipsigis wanaimba juu ya kiumbe anayeitwa Chemirocha. Ni Jimmie Rodgers huyo, wamemugeuza nusu mutu nusu swala. Mutu ameingia mu hadithi za kijiji, katika lugha asiyoijua, miaka 17 baada ya kufa. Niambie ni platini ngapi zinalingana na hiyo. Kenya mpaka leo wanapenda country, na Nairobi kuna Elvis Otieno, wanamuita Sir Elvis, anayeiimba jukwaani kama kazi yake.

Miaka miwili baada ya Chemirocha, mwaka 1952, Tracey huyo huyo alifika Jadotville, Likasi ya leo, muji wa Union Minière. Akakuta kijana anapiga gita, Mwenda Jean-Bosco. Wakarekodi "Masanga". Mimi kwangu hiyo njo country ya Kongo: muziki wa watu waliotoka kijijini kuja kwenye makambi ya mugodi, gita moja, Kiswahili cha kazini. Bosco alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, viwili tu, unafikiri ni watu wawili. Merle Travis wa Kentucky, mutoto wa mugodi vilevile, alipiga na vidole hivyo hivyo viwili. Sisemi moja alimufundisha mwenzake. Ninasema tu ni vile ilikuwa.

"Masanga" haikukaa numero 1 ya orodha yoyote ya Billboard. Lakini wapiga gita wa Katanga, wa Kenya na wa kusini mwa Afrika walijifunza kuipiga kutoka kwenye sahani, nota kwa nota. Mwaka 1969 Bosco aliitwa kupiga kwenye tamasha la Newport huko Marekani. Mwingereza John Low alisafiri mpaka Shaba kukaa na mabwana wa gita wale na kujifunza, akaandika kitabu. Bosco alikufa mu ajali ya gari mwaka 1990. Ukimupa mutu gita leo, akisema anajua namna ya Kikatanga, utamuuliza kwanza "Masanga". Asipoijua, hajui.

Kwangu hiyo ni mizani ambayo négociant hawezi kuchezea: mikono mingapi imejifunza wimbo, na kama wale wanaosemwa ndani yake wanakubali kwamba ni wao. Kwa mizani hiyo "Sixteen Tons" inapita, "Coal Miner's Daughter" inapita, "Masanga" inapita. "Meant to Be" tutaiuliza tena baada ya miaka 30.

Sasa kuna nyimbo ambazo hakuna Tracey aliyezifikia. Zile za kupandisha mifuko. Zile za kumuita mutu aliye chini kabla ya kumushushia kamba. Zile za ba mama wanaosafisha mchanga mutoni. Zile wanazotunga watu siku ya matanga, na kesho zimesahauliwa. Sendika yetu imeanza kuziandika. Kila delege wa site amepewa kahier: jina la wimbo kama liko, maneno yote, nani alitunga kama anajulikana na anakubali jina lake litajwe, ni mulima gani, na watu wangapi wa shimo wanaujua kwa kichwa. Hiyo ya mwisho musikadirie. Muwaulize moja moja, muhesabu, muandike. Mwenye simu inayorekodi arekodi, na mwenye wimbo alipwe soda yake. Makahier yarudi kabla ya mvua za mwezi wa tisa, maana barabara ya Masisi mnaijua.

Wa kwanza umefika kutoka kwa mama moja wa Numbi. Beti saba, juu ya bwana aliyeahidi kurudi na bati za nyumba. Watu 41 wanaujua.